Mtungi Umetulia, Mfinyanzi Anazunguka

Nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria yupo mwanamke mfinyanzi, Ladi Kwali. Nilimkuta nikifuatilia masomo ya Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, na tangu hapo miguu ya Kwali haijanitoka kichwani.

Naam, miguu. Wengine huuzungusha mtungi. Kwali aliuacha utulie, akauzunguka yeye. Ameinama, anarudi kinyumenyume, anapandisha msokoto wa udongo juu ya msokoto, mkono mmoja ndani ukisukuma, mwingine nje ukilainisha. Mviringo wote ulitoka kwenye mwendo wake. Kisha akachora mijusi na samaki tumboni mwa mtungi. Katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, alijifunza gurudumu pia. Mitungi mikubwa hakuipeleka kwenye gurudumu.

Odundo alifika Abuja katikati ya miaka ya 1970, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Farnham, Uingereza. Wanawake wafinyanzi wa huko, Kwali akiwemo, amewataja mara nyingi kama walimu wake, na vyombo vyake vinamuunga mkono. Gurudumu hatumii. Huanza na donge, akalivuta juu kwa mikono, akaongeza misokoto, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akapaka tope laini na kusugua hadi chombo king'ae. Dawa ya kung'arisha kama ya vikombe vya dukani haimo. Ni subira tu. Kikichomwa hewa ikiingia, hutoka chekundu cha rangi ya machungwa. Kikirudishwa motoni kimefungiwa pamoja na maranda ya mbao, hewa ikakosekana, hutoka cheusi tititi. Udongo ni uleule!

Odundo alipata uzamili Royal College of Art, London, mwaka 1982, baadaye akawa profesa palepale Farnham. Kwali alipewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello mwaka 1977, wakati ambapo wanafunzi wa vyuo walikuwa wamekwisha kupita mikononi mwake.

Lakini kwa nini binti wa Kenya, nchi yenye wafinyanzi wa mikono tele, apitie Uingereza ndipo afike kwa mwalimu kama huyo? Na leo, mama wa Kikisi kutoka Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa, akibisha hodi kwenye idara ya sanaa ya chuo kikuu chetu chochote, atapewa darasa afundishe, au atapigwa picha na kuulizwa bei ya chungu?