Michezo ya Bure Ndani ya Kivinjari: Maelezo kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili Nchini Uingereza

Kipeperushi hiki kinahusu michezo midogo inayochezwa moja kwa moja ndani ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti iliyomo katika kila simu na kila kompyuta. Ni michezo kama karata za mtu mmoja, kupanga vito vya rangi, kupasua mapovu, kubahatisha maneno, drafti, dhumna na mbio za magari. Haihitaji kununuliwa wala kupakuliwa. Mtu huandika jina la mchezo, hubonyeza, na huanza kucheza.

Kwa watu wengi michezo hii haina madhara. Mzee aliyekuja kuishi na wanawe katika mji asioujua, ambaye kwao alizoea kukaa barazani akicheza bao au dhumna na wenzake, hupata katika karata za kompyuta njia ya kupitisha mchana wakati wengine wako kazini. Anayetoka zamu ya usiku hutuliza akili kwa dakika kumi kabla ya kulala. Hakuna sababu ya kiafya ya kuwakataza. Shida hutoka katika mambo yanayouzunguka mchezo, na mara nyingi huingia kwa mlango ambao wazazi wanaamini wameshaufunga.

Mlango uliobaki wazi

Wazazi wengi wamejifunza kuweka neno la siri katika duka la programu ili mtoto asipakue mchezo bila ruhusa. Hatua hiyo ni njema, lakini mchezo wa kivinjari haupiti dukani. Hauonekani miongoni mwa programu za simu, na ukurasa ukishafungwa hakuna alama yake inayobaki mbele ya macho. Ipo orodha ya tovuti zilizotembelewa, iitwayo historia, ambayo mzazi anaweza kuitazama. Hata hivyo kila kivinjari kina pia dirisha la faragha lisilohifadhi historia yoyote, na watoto wa shule wanalijua.

Kwa hiyo inafaa vizuizi viwekwe kwenye kivinjari chenyewe. Katika simu za Android kazi hiyo hufanywa na Family Link, na katika simu za Apple hufanywa na sehemu ya mipangilio inayosimamia muda wa skrini. Zote mbili humruhusu mzazi kuchagua tovuti zipi zifunguke. Kampuni kubwa za intaneti ya nyumbani hutoa kichujio pasipo malipo ya ziada. Kichujio hicho hulinda intaneti ya nyumba tu. Simu ikihamia kwenye data ya mtandao wa simu, huwa haimo tena katika ulinzi huo. Kampuni za simu nazo huzuia maudhui ya watu wazima mpaka mwenye laini athibitishe kuwa ametimiza miaka 18, na hapo ndipo familia nyingi hujikwaa: baba huifungua laini kwa matumizi yake, kisha simu ya zamani hupewa mtoto pamoja na laini ile ile.

Kuna jambo jingine linalozihusu hasa kaya za wahamiaji. Mara nyingi mtoto ndiye anayesoma Kiingereza vizuri kuliko wote nyumbani, na ndiye anayewafungulia wazazi akaunti na kubonyeza neno la kukubali. Akiombwa yeye mwenyewe aweke vizuizi, atakuwa mlinzi wa ghala lake mwenyewe. Ni bora mzazi amwombe mtu mzima asaidie, awe jamaa, jirani au mhudumu wa maktaba ya umma.

Malipo ya kitu cha bure

Tovuti inayotoa mchezo wa bure huishi kwa matangazo. Mchezaji hulipa kwa macho yake na kwa habari zake: tovuti hutambua kifaa chake, muda anaokaa na vitu anavyobonyeza, ili matangazo yalengwe kwake. Tangu Septemba 2021 huduma za mtandaoni zinazoweza kutumiwa na watoto nchini Uingereza zinatakiwa kufuata kanuni maalumu ya kulinda taarifa zao, ikiwa ni pamoja na kuzima utambuzi wa mahali mtoto alipo hadi hapo utakapowashwa kwa makusudi. Tovuti isiyoonyesha jina la mmiliki wala anwani haiwezi kutegemewa kuifuata.

Baadhi ya matangazo ni mitego. Hutokea kidirisha cha ghafla kinachosema kuwa mchezaji ameshinda simu, au kuwa kompyuta yake ina virusi. Mtego wa zamani ambao bado unaonekana ni ule unaomtaka mtu asasishe Flash ili mchezo ufunguke. Flash ilikuwa programu iliyoendesha michezo mingi ya kivinjari kwa miaka mingi, lakini kampuni ya Adobe iliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020. Haina toleo jipya. Anayedai kulitoa anataka kuingiza kitu kingine katika kompyuta.

Kadi ya benki iliyohifadhiwa ndani ya kivinjari nayo ifutwe katika kifaa kinachotumiwa na watoto. Ikiwa fedha zimeshatoka, benki ipigiwe simu siku hiyo hiyo kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Katika michezo ya kundi, hususan ile ya tovuti ambazo majina yake huishia na .io, wachezaji ni watu wasiojuana, na mtu huingia kwa jina lolote analojipa. Mtoto aelezwe asiandike jina lake halisi, shule yake wala mtaa wake, hata katika nafasi ya jina la mchezaji.

Kamari isiyoitwa kamari

Katika nyumba nyingi zitakazosoma maelezo haya, kamari imekatazwa na dini. Mzazi huwa na yakini kwamba haikuingia kwake, kwa kuwa hakuna aliyeweka dau. Lakini ipo michezo ya bure inayoiga mashine za kamari kwa kila kitu: picha tatu huzunguka, sarafu za bandia humiminika kwa sauti ya shangwe, na picha ya tatu husimama hatua moja tu kabla ya ushindi. Kule kukosa kidogo humfanya mtu ajaribu tena. Sarafu zikiisha, huuzwa kwa fedha halisi.

Kampuni zenye leseni ya kamari mtandaoni nchini Uingereza zinalazimika, tangu Mei 2019, kuthibitisha umri wa mtu kabla ya kumruhusu hata kujaribu bure. Michezo ambayo sarafu zake haziwezi kugeuzwa kuwa fedha haihesabiwi kuwa kamari kisheria, na kwa hiyo ulinzi huo hauihusu. Hali ni hiyo hiyo kwa visanduku vya bahati, ambavyo mchezaji hulipia bila kujua kilichomo. Mwaka 2022 serikali iliamua kutoviingiza katika sheria ya kamari. Jambo lililoruhusiwa na sheria linaweza bado kumfundisha mtoto wa miaka tisa raha ya kuzungusha gurudumu.

Mchezo wenye mwisho

Mzazi anayetaka kuchagua mchezo unaofaa na atazame kama una mwisho. Wordle, ambao ulitolewa kwa umma mwaka 2021, humpa kila mchezaji neno moja la herufi tano kwa siku na nafasi sita za kubahatisha. Akimaliza hana la kusubiri ila kesho. Mchezo wa dinosau anayeruka miiba, uliomo ndani ya Chrome na unaojitokeza intaneti inapokatika, hauna tangazo hata moja, na watoto huuchoka wenyewe. Michezo mingine imeundwa isiishe: kila hatua hufungua nyingine, na zawadi ya kila siku humngoja anayerudi.

Kinachoathirika kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Vifaa vyote vikichajiwa usiku sebuleni, pamoja na vya wazazi, ugomvi hupungua kuliko pale watoto wanaponyang'anywa vyao peke yao. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani linashauri wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na walio chini ya miaka 2 wasiwekewe kabisa.

Msaada

Shirika hilo limeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali kuwa ugonjwa katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Wachezaji wengi hawafikii hapo. Anayehofia amefika na amwone daktari wa familia. Katika England mtu anaweza kujiandikisha kwa daktari huyo bila kuonyesha hati ya makazi wala uthibitisho wa anwani.

Aliyeingia katika kamari halisi anaweza kupiga simu ya bure 0808 8020 133, saa 24, na kujisajili na GAMSTOP ili kampuni zote za kamari mtandaoni zenye leseni ya Uingereza zimfungie. Aibu huwachelewesha wengi, hasa wanaoogopa kusikika msikitini, kanisani au katika chama cha watu wa kwao. Daktari hufungwa na siri ya mgonjwa, na mkalimani anayeletwa na NHS hufungwa vivyo hivyo. Mkalimani huyo halipiwi na mgonjwa. Inatosha kumwambia mpokezi neno "Swahili" wakati wa kuomba miadi. Mtoto asitumiwe kutafsiri mazungumzo hayo, hata akiwa anajua Kiingereza vizuri kiasi gani.