Riwaya za Gurnah na kitendawili cha askari wa mkoloni

MAELFU ya wakazi wa Dar es Salaam hupita kila siku kando ya Sanamu ya Askari, katikati ya jiji. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya Waingereza kuizindua mwaka 1927, mji huo ulikuwa na sanamu nyingine yenye askari Mwafrika.

Sanamu hiyo ya awali ilisimamishwa na Wajerumani mwaka 1909 kwa heshima ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyezima upinzani wa Abushiri na baadaye akawa gavana. Wissmann alisimama juu ya jiwe, naye askari aliwekwa chini, akiinua macho kumtazama bwana wake. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968.

Askari huyo wa chini ndiye anayepewa jina, utoto na mawazo katika riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Katika Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, kijana Yusuf anawekwa rehani na baba yake kwa mfanyabiashara tajiri ili kulipa deni. Riwaya inafungwa kwa tukio linalowashangaza wasomaji wengi: Yusuf anakimbia kufuata msafara wa askari wa Kijerumani.

Kwa nini mtu akimbilie jeshi la wale wanaomdharau? Swali hilo ndilo linalobeba Afterlives, riwaya ya mwaka 2020.

Jibu la kwanza ni kwamba ukoloni haukukuta jamii ya watu walio sawa. Pwani ilikuwa na matajiri na wadeni, mabwana na watwana, waungwana na wale walioitwa washenzi. Kwa kijana asiye na ukoo wala mali, sare ya jeshi ilikuwa mlango wa kutokea. Hamza, mmoja wa wahusika wakuu, anajiandikisha kwa hiari akikimbia maisha ya utumishi yasiyo na mwisho.

Jibu la pili linahusu nafasi ya askari mwenyewe, ambaye alikuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Mbele ya mwanakijiji alikuwa na bunduki, mshahara na amri. Mbele ya ofisa wa Kizungu alikuwa mtu wa kuchapwa viboko.

Ikumbukwe kwamba Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo makadirio ya vifo vyake ni kati ya watu 75,000 na 300,000, vilizimwa kwa sehemu kubwa na mikono ya Waafrika walioongozwa na Wajerumani wachache. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck nalo lilikuwa na askari Waafrika zaidi ya 10,000.

Gurnah anaonyesha pia kwamba nguvu ya rangi haikutegemea kiboko pekee. Ofisa mmoja anamfanya Hamza mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani, kisha anamwachia kitabu cha mashairi cha Schiller. Wema huo ni wa kweli, lakini ni wema wa mwenye mamlaka. Hamza hana uwezo wa kuukataa, na unamfanya achukiwe na Wajerumani wengine kambini.

Mhusika Ilyas anakwenda mbali zaidi. Alisomeshwa na Wajerumani, akawapenda, na vita vilipoanza akaenda kuwapigania. Dada yake Afiya anabaki akimsubiri kwa miaka mingi, na habari zake hujulikana mwishoni kabisa mwa riwaya.

Safari ya Ilyas inafanana na maisha ya mtu halisi. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na akaingia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Baadaye alihamia Berlin, ambako alidai malipo ya utumishi wake na wa baba yake bila mafanikio.

Husen alifundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu za Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, kosa chini ya siasa ya ubaguzi ya utawala wa Hitler. Alifariki katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Utii wa miaka yote haukumbadilishia rangi machoni pa dola aliyoitumikia.

Kiswahili kina neno jepesi kwa watu wa aina hii: vibaraka. Gurnah hasemi kwamba neno hilo ni uongo, wala hawasafishi askari kwa ukatili walioutenda vijijini. Anachofanya ni kuonyesha njaa, deni na upweke uliotangulia sare, na majeraha yaliyobaki baada ya sare kuvuliwa.

Kwa msomaji wa mjini, huenda faida kubwa ya riwaya hizi ni kumwezesha kuitazama upya sanamu anayoipita kila siku, na kumkumbuka pia askari yule mwingine aliyepelekwa Hamburg, akiwa bado chini ya miguu ya bwana wake.