Hisa za magari: Somo la CMC kwa wawekezaji wa Shinyanga

Tangu migodi ya Geita na Bulyanhulu ianze kuzalisha dhahabu mwaka 2000 na 2001, Land Cruiser ni gari la kila siku huko. Hata hivyo, mwekezaji mdogo hapati hisa za biashara hiyo sokoni: wakala wa Toyota nchini, kundi la Karimjee, ni la binafsi.

CMC Holdings ya Kenya, iliyokuwa na tawi Tanzania, iliuza hisa zake Nairobi. Septemba 2011 biashara ya hisa hizo ilisimamishwa kufuatia mgogoro wa wakurugenzi. Baadaye ikapoteza uwakala wa Land Rover. Wanahisa walikwama hadi 2014, Al-Futtaim ya Dubai ilipowalipa Sh13 za Kenya kwa hisa.

Anayenunua hisa za magari achunguze kwanza bodi na mkataba wa uwakala.