Karani asiyeweza kusema hapana hubeba mzigo wa ghala zima

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba katika mikoa ya Mtwara na Lindi, maghala ya vyama vya msingi hujaa magunia, wakulima na kelele. Katikati ya pilikapilika hizo huwapo karani mmoja ambaye kila mtu humwita. Anapima, anaandika stakabadhi, anatumwa chai, na jioni anabaki kumalizia hesabu za mwenzake aliyekwisha kuondoka.

Karani wa aina hii husifiwa kuwa ni mpole na mtu wa watu. Hata hivyo, akikosea tarakimu moja hufokewa mbele ya wakulima. Ghala likipungukiwa kilo kwa sababu ya unyaufu, yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Naye badala ya kujitetea huomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Huo ni uonevu kazini, na humwumiza zaidi mtu aliyezoea kumridhisha kila mmoja. Huamini kwamba akizidisha bidii na tabasamu, mkubwa wake atalainika. Wahenga walikwishasema, shukrani ya punda ni mateke. Matokeo yake hukosa usingizi, tumbo humsokota kila Jumapili jioni, na hasira anayoimeza ghalani huishia kwa watoto nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha wema na woga. Mtu mwema humsaidia mwenzake akalala vizuri, lakini mwoga husaidia ili asifokewe. Hasira ya meneja ni ya meneja mwenyewe, na si kazi ya karani kuilipia.

Pili, ajifunze kutojibu papo hapo. "Mzee, ngoja niangalie kazi nilizonazo, nitakujibu baada ya saa moja," ni jibu la heshima. Baada ya hapo anaweza kusema: "Leo nina magunia ya kupima hadi saa kumi, hilo nitalifanya kesho asubuhi." Mara ya kwanza moyo utadunda na atajiona mkosaji. Hisia hiyo si ushahidi wa kosa, na hupungua kadiri anavyozoea.

Tatu, awe na daftari lake la kuandika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Anayeambiwa kila siku kuwa hafai huanza kuamini, na daftari humkumbusha ukweli. Vilevile atafute mtu mmoja anayemwamini, nje ya ofisi, wa kumweleza yaliyomsibu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa pa kusimamia. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi fedha za hasara mpaka iwe imetokana na kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi chake, na apewe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayazidi robo ya mshahara.

Anayelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, sheria humhesabu kuwa ameachishwa. Anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Wenye maduka na maghala nao wana la kujiuliza. Msaidizi anayeogopa kufokewa hatasema kwamba mfuko wa mbolea umelowa, wala kwamba mizani imeanza kudanganya. Mwenye mali atalijua hilo siku mteja atakaporudisha mfuko, au mkulima atakapokwenda kupimia kwingine.