Moteri ya zamani: piyesi gani tununue, gani tuache?

Pikipiki ya koperative inabeba mbegu, dawa na barua za komite, na siku zingine inabeba mgonjwa. Ikilala garaji juma nzima wakati wa kuvuna viazi, mnunuzi wa Butembo hasubiri, anaenda kwa wengine. Kwa hiyo moteri ya zamani inapofunguliwa, komite isimwachie fundi kila kitu. Ijue pesa inaingia kwenye piyesi gani, na kwa nini.

Moteri yenu iko ya namna gani?

Yamaha AG 100 inaunguza mafuta pamoja na esanse, na haina supape kichwani. Habari hii haiihusu. Honda CG 125 ilitoka miaka ya 1970, ikatengenezwa kwa watu wanaobeba mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha mafuta. Pikipiki nyingi za China zimeiga moteri yake: kamu iko chini, na fimbo mbili zinasukuma kulbiteri zinazofungua supape. Moteri zingine zina kamu juu kichwani, inazungushwa na sheni. Piyesi za namna moja haziingii kwa nyingine.

Dalili za mlimani

Kwenye milima ya Lubero hewa ni nyepesi, na moteri inakosa nguvu hata ikiwa nzima. Supape ikivuja kidogo tu, mnasikia mara moja kwenye mpando.

Angalieni moshi. Mkishuka mteremko mrefu bila kuvuta gazi, kisha mkavuta na moshi wa buluu ukatoka, mara nyingi gide ya supape imelika au kiraba chake kimekauka. Moshi ukitoka wakati wote, zaidi ukipanda na mzigo, shaka iko kwenye segma. Msinunue supape kuponya ugonjwa wa segma!

Kupima kabla ya kununua

Kichwa kikishatolewa, fundi akipindue, amimine esanse kidogo kwenye tundu la kuingiza hewa, halafu kwenye lile la kutoa moshi. Esanse ikipita upande wa pistoni, supape haifungi vizuri. Jaribio hili lifanyike nje, mbali na moto na sigara.

Kisha piyesi moja moja:

– Supape: ukingo ukibaki mwembamba kama kisu, au ukiwa umeungua, nunueni mpya. Ukiwa bado mnene, kuisugua na kiti chake inatosha. Pati ya kusugulia ioshwe yote, maana ikibaki inakula moteri.
– Gide: supape ikicheza kushoto na kulia ndani yake, kuweka supape mpya peke yake ni kutupa pesa.
– Resore: isimamisheni juu ya kioo karibu na mpya ya namna ileile. Ikiwa fupi au imeinama, badilisheni zote pamoja.
– Kamu na piyesi inayotembea juu yake: zikiwa laini na zinang'aa, ziacheni. Kamu ya zamani iliyo nzima inaweza kushinda mpya ya chuma dhaifu. Moja ikiwa na mashimo, badilisheni zote mbili.
– Viraba vya supape na jwenti ya kichwa: hivi ni vipya kila mara. Hapa msibane pesa.

Dukani Butembo

Msiende na jina la pikipiki tu. Bebeni piyesi ya zamani mkononi, mlinganishe urefu, unene wa mguu na upana wa kichwa. Fimbo za moteri mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana milimita chache, na hiyo inatosha kuharibu kazi yote. Kama mnanunua kichwa kizima, linganisheni pia matundu ya bolti na shimo la ndani. Ombeni risiti, na muafikiane na muuzaji kwamba piyesi isiyoingia itarudishwa.

Isikae kimya kabisa

Mwisho ni kurekebisha nafasi ya supape, moteri ikiwa baridi. Kwa Honda CG 125 ni milimita 0.08. Kwa moteri zingine fuateni kitabu chake. Kuna mafundi wanaokaza hadi mlio wote unaisha, na mwenye pikipiki anafurahi. Lakini supape ikipata joto inarefuka. Isipopata nafasi haifungi tena, na ile ya moshi inaungua. Afadhali ilie kidogo.

Baada ya kutembea siku chache, nafasi ipimwe tena na mafuta yabadilishwe. Mtunza hazina aandike tarehe, piyesi na bei, na piyesi za zamani zirudi ofisini ndani ya mfuko. Mwanamemba akiuliza mchango wake ulienda wapi, aonyeshwe.