Changu, pono na majina yao ya kitaalamu

Wanetu wanapofundishwa shuleni majina ya kitaalamu ya samaki, wengi huyaona ni maneno ya kigeni yasiyowahusu, wakayakariri kwa ajili ya mtihani tu. Sisi tunaona wanakosa urithi wao.

Sokoni tunasema “changu”, na jina hilo moja hubeba samaki wa aina nyingi. Wataalamu huwatenganisha kwa kumpa kila mmoja majina mawili: la kwanza la jenasi, mfano wa jina la ukoo, la pili la spishi, yaani aina yenyewe. Changu mwenye doa kubwa jeusi ubavuni ni Lethrinus harak. Mmoja katika jamii ya pono ni Scarus ghobban.

Tuyatazame majina ya pili. Harak na ghobban si Kilatini, ni Kiarabu. Peter Forsskål, mtaalamu kutoka Uswidi, aliyachukua katika lugha ya watu wa Bahari ya Shamu. Alifariki Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1775.

Katika Suratul-Baqara, aya ya 31, tunafahamishwa kwamba Nabii Adam (a.s.) alifundishwa majina. Kujua majina, basi, ni mlango wa elimu.

Mzazi mwenzetu, ukirudi na samaki, usiharakishe kumpaa. Mwite mwanao ayatazame mapezi, magamba na meno, kisha aandike daftarini jina la nyumbani na, kando yake, la kitaalamu. Yote mawili ni yake.