Dola mia ya kwanza: butiki ao bidhaa?

Mama mwenye kupokea dola 100 za likelemba huwaza kwanza butiki: mlango, rangi, rafu, jina ku ukuta. Lakini mwenye nyumba anaomba garanti. Tuseme mlango ni dola 20 kwa mwezi na garanti ni ya miezi mitatu: 60 zimeondoka, na hajanunua hata kilo moja. Rafu zitajazwa na nini?

Ku soko ya Kadutu, Bukavu, wenye kuuzisha sambaza wanaweza kuanza na beseni, kipimo, meza ndogo na tiketi ya soko. Feza ingine yote ni ya samaki. Sambaza mbichi haingoji kesho, njo maana anayeanza ananunua kidogo, anauzisha, anarudia. Ile inabaki, anaianika.

Kisha kuna mambo ya mwezi. Wavuvi wa Ziwa Kivu wanavua sambaza usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti tena vizuri. Samaki wanapunguka, bei inapanda. Mwenye kumaliza mtaji wote ndani ya beseni anakaa siku hizo mikono mitupu, na watoto wanapaswa kula. Afazali dola 15 zilale pembeni.

Jioni, akihesabu franga, anatoa kwanza ya kununua samaki wa kesho, kisha sabuni na chumvi ya nyumbani. Butiki itangoja mwezi ule faida peke yake italipa mlango, bila kugusa feza ya samaki.